Msahafu: neno lililovuka bahari mara mbili

Juzi binti yangu wa darasa la nne aliniletea daftari lake la imla. Maneno 20, amepata 18. Moja kati ya mawili aliyokosa ni zahabu. Mwalimu amelizungushia duara la wino mwekundu, juu yake ameandika dhahabu, na pembeni ameongeza: matamshi! Mwalimu yuko sahihi. Kiswahili sanifu kinataka dh hapo na mtoto hana budi kuijua, nami nilimwambia hivyo. Lakini nililishika lile daftari kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia, kwa sababu ile z yake nilikwisha kukutana nayo. Kwa Kiebrania, dhahabu ni zahav.

Lugha mama ya Kisemiti, iliyozungumzwa miaka elfu kadhaa kabla ya Kristo, ilikuwa na sauti hiihii tunayoiandika dh. Lugha zilizozaliwa humo zilipotawanyika, kila moja iliitendea sauti hiyo kivyake. Kiarabu fasaha kilibaki nayo: dhahab. Kiebrania kikaifanya z. Kiaramu, lugha ya Galilaya ya siku za Yesu, kikaifanya d, wakawa wanasema dahba. La kuzingatia ni kwamba mabadiliko haya hayakulichagua neno dhahabu peke yake. Yalipita kila mahali sauti hiyo ilipokuwa imekaa. Tazama sikio: Kiarabu udhn, Kiebrania ozen, Kiaramu udna, Kigeezi cha Uhabeshi wa kale ezn, Kiakadi cha Babeli na Ashuru uznu. Pale Mwarabu anapotia dh, Mwebrania yuko na z na Mwaramu yuko na d, neno baada ya neno, bila mtu yeyote kuamuru. Hata leo watu wa Cairo husema dahab, na pwani ya Sinai kuna mji unaoitwa hivyohivyo, Dahab. Huku kwetu ndugu zetu wa Kongo husema zambi pale tunaposema dhambi. Binti yangu hakuwa mzembe. Ulimi wake ulipita njia ambayo ndimi za mataifa yaliyoandika vitabu vitakatifu zilikwisha kuipita.

Na hilo sikio tusiliache haraka, maana limejificha katika maneno tunayoyatamka kila siku. Adhana ni mwito unaoingia sikioni. Mwadhini ni anayeyafikishia masikio mwito huo. Idhini nayo imetoka hapohapo: kwa Kiarabu kumsikiliza mtu, kumpa sikio, kulifika hadi kuwa kumkubalia ombi lake. Mtu anayeandika barua ya kuomba idhini ya likizo kwa mkuu wake, ukilifuata neno hadi chini kabisa, anaomba sikio.

Ndiyo kazi ya mzizi katika lugha za Kisemiti. Maana huishi ndani ya konsonanti, mara nyingi tatu, na irabu humiminwa katikati yake ili kuzaa kitenzi, mtendaji, mahali, kifaa. Mfano unaotolewa madarasani kila mara ni k-t-b, na kwa kweli hatuna haja ya kwenda Uarabuni kuuona, kwa sababu matunda yake tunayo nyumbani: kitabu, katibu, maktaba, mkataba, katiba. Mtu akiyaweka maneno hayo matano mbele yake, huona konsonanti zilezile tatu zikijirudia na wazo moja la kuandika likipita ndani ya yote.

Hapa ndipo ninapotaka kubishana. Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu zetu, na nimeupokea zaidi ya mara moja kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Unapanga maneno: shalom, salaam, salama. Kisha unahitimisha. Anayeutuma akiwa mpenzi wa Biblia, hitimisho ni kwamba Kiebrania ndicho mama wa lugha zote na Kiswahili kimo ndani ya ukoo huo. Akiwa mpenzi wa Kiarabu, hitimisho ni kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochakaa. Wote wawili wameona jambo la kweli, yaani kufanana, na wote wawili wamelichukulia kufanana huko kuwa ushahidi wa jambo ambalo hakuwezi kulithibitisha.

Neno linaweza kufanana na jirani yake kwa njia mbili zilizo mbali sana. Njia ya kwanza ni urithi: lugha mbili zimezaliwa na mama mmoja na kila moja imebeba neno la mama. Njia ya pili ni mkopo: neno limechukuliwa na mfanyabiashara, mwandishi wa mfalme au mhubiri, likaingia katika lugha nyingine likiwa limekwisha kukomaa. Sisi Waswahili tunazo njia zote mbili ndani ya hesabu. Tatu ni urithi, na ndiyo maana Mkikuyu na Mnyarwanda wanayo ileile, Mganda ana satu, Mzulu ana thathu. Theluthi na thelathini ni mkopo. Hakuna Mbantu wa bara aliyezaliwa nazo. Zilifika kwa jahazi. Lugha moja, idadi moja, maneno mawili yenye nasaba mbili zisizokutana popote.

Shalom na salaam, baina ya Kiebrania na Kiarabu, ni urithi wa kweli, na kinachothibitisha si kule kufanana. Kinachothibitisha ni utaratibu wa ile tofauti. Sh ya Kiebrania hukutana na s ya Kiarabu mara kwa mara: lashon na lisan, ulimi, sheva na sab'a, saba, rosh na ra's, kichwa. Hiyo ra's ndiyo iliyotupa rais, mtu aliye kichwa cha nchi, na rasi, kichwa cha ardhi kilichochomoza baharini. Uhabeshi wakafanya ras kuwa cheo cha mkuu wa jimbo, na cheo hicho ndicho alichokuwa nacho Ras Tafari kabla hajatawazwa kuwa mfalme wa wafalme mwaka 1930. Salama yetu imo katika orodha kama mgeni tuliyemkaribisha na kumpenda. Si ndugu wa damu, na hapungukiwi heshima kwa hilo.

Tena sisi ndio wa mwisho tunaopaswa kuamini macho yetu katika jambo hili, kwa sababu Kiswahili kimeunganisha sauti ambazo Kiarabu huzitenga. Safari na sifuri zinaonekana kama ndugu wa tumbo moja, s-f-r zote mbili. Kwa Kiarabu safari huandikwa kwa herufi sini na sifuri kwa herufi swadi, s nzito inayotamkwa kwa kukaza ulimi, na hiyo ni mizizi miwili isiyojuana. Kulinganisha maneno kwa kutazama maumbo yake ya Kiswahili ni sawa na kutambua watu kwa vivuli vyao.

Elimu hii wengi wetu tuliisoma kana kwamba ilianza Ulaya. Jina Kisemiti ndilo la huko: mwanachuoni Mjerumani August Ludwig Schlözer alilitia katika matumizi mwaka 1781, akilitoa kwa Shemu mwana wa Nuhu. Lakini kazi yenyewe ina umri mkubwa zaidi. Katika karne ya 8, al-Khalil ibn Ahmad, mzaliwa wa Oman aliyeishi Basra, alianza kuipanga kamusi ya Kiarabu kwa mizizi na kwa mahali sauti inapotoka, akianzia na herufi ayn kwa kuwa inatoka ndani kooni. Baadaye, katika mji wa Tahert ulio Algeria ya leo, Myahudi aitwaye Yehuda ibn Quraysh aliwaandikia Wayahudi wa Fez waraka mrefu. Walikuwa wameacha kusoma tafsiri ya Kiaramu ya Torati sinagogini, na yeye akawaonyesha kwamba Kiebrania, Kiaramu na Kiarabu vinafunguana vyenyewe kwa vyenyewe, na kwamba anayekiacha kimoja amejifungia mlango wa vingine. Aliandika miaka karibu 900 kabla ya Schlözer. Ningependa jina lake lisikike katika madarasa yetu ya isimu.

Basi kama urithi unajulikana kwa utaratibu wa sauti, mkopo unajulikanaje? Kwa utaratibu kuvunjika. Waliosoma madrasa wanalijua neno tilmidh, mwanafunzi. Kwa Kiebrania ni talmid, neno la ukoo mmoja na Talmud, maandiko ya mafundisho ya Kiyahudi, na kitenzi chake ni lamad, kujifunza. Tayari tumeona kwamba dh ya Kiarabu inapaswa kukutana na z ya Kiebrania. Hapa inakutana na d. Kuna kitu hakiko sawa, na maelezo yake ni Kiaramu: kwa Waaramu, d iliyofuata irabu ilitamkwa dh. Mwarabu alilisikia neno kutoka kinywani mwa Mwaramu na kulichukua kama lilivyosikika. Alama ya pili ni kwamba Kiarabu hakina kitenzi asilia kilicho hai cha mzizi huo kwa maana ya kujifunza. Neno limekaa peke yake kama mpangaji asiye na jamaa mtaani. Hizo alama mbili, sauti inayokataa kulingana na jina lisilo na kitenzi mama, zinatosha kumfuata mgeni hadi kwao.

Zichukue sasa uingie nazo darasani kwa binti yangu. Juu ya dawati lolote la Kiswahili kuna kitabu, na ndani ya kitabu kuna mistari. Akitoka hapo jioni akaenda chuoni kusoma Qurani, anakuta msahafu. Maneno matatu ya kazi moja, na yote kamusi zetu zinazotaja asili hutia alama ya Kiarabu na kuishia hapo. Ukweli ni kwamba yanatoka katika mizizi mitatu ya kuandika ambayo kila mmoja ulikuwa na makao yake.

K-t-b makao yake ni Shamu, kwa Wafoinike, Waebrania na Waaramu. Wengi wa wataalamu wanaona kwamba Waarabu walijifunza kuuita uandishi kwa mzizi huo kutoka kwa Waaramu waliowatangulia kuandika. Kiarabu kilikuwa na k-t-b nyingine ya kuunganisha: kushona kiriba cha ngozi, kukusanya wapanda farasi. Ndiyo maana katiba kwa Kiarabu ni kikosi cha askari, na wingi wake, kata'ib, tunausikia kwenye habari za vita vya Iraki na Palestina. Waarabu wanaiita sheria mama dustur, neno la Kiajemi. Kwa hiyo Mtanzania au Mkenya anayesema mbele ya mgeni wa Cairo kwamba nchi yake inahitaji katiba mpya, amesema kwa masikio ya yule mgeni kwamba inahitaji kikosi kipya cha askari. Kiebrania kutoka mzizi huu kimepata ketubba, hati ya ndoa, na Kimalta, lugha ya Kisemiti inayoandikwa kwa herufi za Kirumi na kuzungumzwa na Wakatoliki, kina ktieb kwa kitabu.

Mstari ni wa Babeli. Kiakadi, lugha ya Kisemiti yenye maandishi ya kale kuliko nyingine zote, hakikuandika kwa k-t-b. Kitenzi chake kilikuwa shataru, na kuandika kwao kulikuwa kuchomeka ncha ya tete katika udongo mbichi. Kwa Waaramu shtara ikawa hati ya mali na deni. Kwa Waebrania shtar ni hati hiyohiyo, na leo Israeli ni noti ya benki. Humo pia mna shoter, ambao katika Kutoka sura ya 5 ni wasimamizi waliowekwa juu ya wana wa Israeli kule Misri. Aliyeshika orodha ya majina ndiye aliyeshika watu. Shoter wa leo ni askari polisi, na jeshi la polisi ni mishtara. Weka mishtara ya Kiebrania kando ya mistara ya Kiarabu, yaani rula ya kupigia mistari. Sh kwa s, kama kawaida, umbo lilelile: huku likawa polisi, kule likawa kipande cha mbao cha kunyooshea maandishi, na kwetu likawa mstari.

Sura ya 68 ya Qurani inaanza kwa kiapo: Nun, wal-qalami wa ma yasturun, naapa kwa kalamu na wayaandikayo. Msikilizaji wa Kiswahili anasikia humo kalamu na mstari bila kufasiriwa. Yasturun ina mzizi uliokuwa ukiandikwa kwenye udongo wa Mesopotamia, na qalam, kwa maoni ya wataalamu wengi, ni kalamos ya Kigiriki, tete.

Msahafu ndio unaonigusa zaidi, kwa sababu umetoka Afrika. Mzizi wake ni s-h-f, kwa swadi. Kwa Kiarabu una majina: sahifa, karatasi iliyoandikwa, na wingi wake suhuf, ambazo Qurani inazitaja kuwa za Ibrahimu na Musa. Lakini kitenzi chake cha msingi kwa maana ya kuandika hakipo. Kilichopo ni sahhafa, kukosea kusoma au kukosea herufi, kitenzi kilichozalishwa baadaye kutokana na jina. Tena neno mus-haf lenyewe halimo ndani ya Qurani. Vuka sasa Bahari ya Shamu. Kwa Kigeezi, tsahafa ni aliandika, kitenzi kamili kilicho hai. Tsahafi ni mwandishi. Mats-haf ni kitabu. Ndilo jina la vitabu vya Kanisa la Uhabeshi tangu ufalme wa Aksum, ulioingia Ukristo katika karne ya 4 chini ya mfalme Ezana, na ndilo neno la kawaida la kitabu hadi leo kwenye maduka ya vitabu ya Addis Ababa na Asmara. Karibu na Adwa, katika monasteri ya Abba Garima, kuna Injili za ngozi zinazohesabiwa miongoni mwa Injili kongwe kabisa zenye michoro duniani.

Wanazuoni wa Kiislamu wenyewe walilijua hili. Jalal al-Din al-Suyuti wa Cairo, aliyefariki mwaka 1505, amenakili katika kitabu chake al-Itqan simulizi kwamba Qurani ilipokusanywa khalifa Abubakar alitaka ipewe jina. Wakapendekeza sifr, ya sini, yenye maana ya kitabu, likakataliwa kwa kuwa ndilo Wayahudi wanaloita vitabu vyao. Ndipo mmoja wa masahaba akasema ameona kwa Wahabeshi kitabu wanachokiita mus-haf, na jina likashikwa. Wako watakaojadili nguvu ya mapokezi ya simulizi hiyo, na ni haki yao. Ushahidi wa lugha unasimama hata bila yake: kitenzi mama kiko Uhabeshi. Na tunajua Waislamu wa mwanzo walikimbilia huko, kwa mfalme wa huko, Najashi, mwaka 615 hivi, wakaishi miaka kadhaa katikati ya watu wenye vitabu.

Uhabeshi nao walipokea. Kwa Kiamhari, kitab ni hirizi, maandishi yaliyokunjwa, yakashonewa ngozi na kuvaliwa shingoni. Waliwapa Waarabu jina la kitabu kitakatifu, na jina la Kiarabu la kitabu wakaliweka shingoni kwa kinga.

Maneno haya matatu yalipofika pwani yetu yalikutana na lugha isiyo na habari na mizizi ya konsonanti. Kiswahili huhesabu majina kwa viambishi vya mbele. Kilitazama kitabu, kikaona ki-, kikazaa vitabu. Kilitazama msahafu na mstari, kikaona m-, kikazaa misahafu na mistari. Ile k iliyokuwa nguzo ya kwanza ya mzizi ikawa kiambishi kinachoondoka. Mtoto wa Kiswahili hasikii kabisa kwamba vitabu na katibu ni jamaa. Na anapohitaji neno jipya la uandishi haendi kwenye k-t-b. Anakwenda kwenye andika, kitenzi chetu ambacho wazee bado wanakitumia kwa kupanga vyombo vya chakula, kuandika meza, na kutoka hapo anapata mwandishi, mwandiko, maandishi, andiko. Lugha iliyo Kiarabu kilichochakaa isingeweza kufanya hivyo. Tulichukua maneno, sarufi ya kuyazalisha ilibaki yetu.

Ndiyo maana ile alama ya Kiarabu kwenye kamusi hainiridhishi. Inataja bandari ya mwisho tu, kama kusema mchele wa Mbeya umetoka Kariakoo. Kalamu, karatasi na daftari zina nasaba ya Kigiriki iliyopita kwa Waarabu. Hiyo daftari asili yake ni diphthera, ngozi. Kamusi ya shule inaweza kuyasema haya kwa nafasi ndogo sana, na mwanafunzi angefaidika. Ningeiandika hivi: msahafu, wingi misahafu, kitabu cha Qurani, kutoka Kiarabu mus-haf, kutoka Kigeezi mats-haf, kitabu, kwa kitenzi tsahafa, aliandika. Mistari miwili tu.